Krismasi Tuliyobaki Woodley

Anti Mwikali tulimzika kwenye makaburi ya jiji ya Lang'ata mwezi uliopita, na kabla udongo haujatulia minong'ono ilikuwa imeshaanza. Mtu mwenye kwao, watu husema, hazikwi Lang'ata. Kule ni kwa wale ambao jiji liliwameza wakakosa wa kuwatafuta. Nilimsikia mama mmoja nyuma yangu akimuuliza mwenzake, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Kwani huyu hakuwa na home?" Nikageuka nikamwambia alikuwa nayo, tena nimelala ndani. Mimi ni mtu wa kujibu. Umri umeninyang'anya kiuno lakini mdomo umeniachia. Mueni, binti yake wa pekee, alinifinya mkono, na nikaona anacheka huku machozi yanamtoka. Kaburi lile Anti alilichagua mwenyewe akiwa na akili zake timamu. Watu hudhani mtu hupata kwake siku anaponunua kiwanja au anapoezeka paa. Mimi nilimwona mtu akipata kwake katika nyumba ya kupanga, jioni moja ya mkesha wa Krismasi, na kwa kuwa nilikuwa na mkono wangu katika jambo lile, nitalisimulia bila kuona haya ya kujisifu.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nne. Nilikuwa nimekuja Nairobi kusomea kompyuta, siku zile ambazo kujua kuchapa barua kulikupa cheti cha kutundikwa ukutani na heshima ya mtaa mzima. Nilikaa kwa Anti, mdogo wake mama, huko Woodley, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani za baraza la jiji, au kaunsili kama tulivyoliita, zenye paa la vigae na bustani kubwa kuliko nyumba yenyewe. Sakafu ilikuwa nyekundu, na tuliisugua kwa nta kila Jumamosi mpaka wageni wakaogopa kuikanyaga. Sebuleni palikuwa na mahali pa kuota moto ambapo sikuwahi kuona moto. Anti alipageuza ghala, akaweka humo gunia la ndengu za mama mkwe wake na viatu vya shule vya Mueni. Juu yake ilining'inia picha ya Kyalo, mumewe, akicheka na tai yake imeenda upande. Kyalo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakuna aliyenieleza mengi, lakini sikuhitaji kuelezwa, maana dirisha la jikoni kwetu lilitazamana na la jirani, Mama Shiro, na wanawake hao wawili walizungumza madirishani kila jioni vitunguu vikikaangwa, kana kwamba mimi niliyekuwa nikichambua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, mezani nilikuwa sufuria mojawapo.

Hivyo ndivyo nilivyojua habari za shamba. Baada ya mazishi wazee wa ukoo wa Kyalo walikaa chini ya mwenyekiti wao, ambaye ni Mulwa, kaka mkubwa wa marehemu, wakamwambia Anti akitaka kulima kipande cha mumewe arudi akae kule chini ya uangalizi wao, aache kazi ya ukarani mjini, na mtoto asomee kule. "Na wewe ukawaambia?" Mama Shiro aliuliza. "Nikawaambia asanteni kwa chai," Anti akajibu, na nikasikia mwiko ukigonga sufuria kwa nguvu kuliko mchuzi ulivyohitaji. Alichukua begi lake na mtoto wake akarudi Woodley, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kule. Leo nikikumbuka jibu lile huwa nalicheka, lakini wakati ule, nikiwa binti wa miaka ishirini aliyelelewa kuamini kwamba mwanamke asiye na shamba anaelea hewani, lilinitia hofu. Niliona ujasiri wake, sawa, ila sikuona angesimama wapi nao.

Hofu hiyo ilipata miguu Desemba ilipoingia. Wasioijua Nairobi hawajui kwamba ifikapo Krismasi mji huu humwagika kama beseni. Magodoro hufungwa juu ya mabasi, kuku hununuliwa wakiwa hai, na kila mtu hurudi kwao ushago, na anayebaki huulizwa ana shida gani. Kuanzia wiki ya pili ya Desemba salamu zote za Woodley huwa moja tu: "Mnashuka lini?" Anti aliijibu vizuri, kwa kicheko. Mueni, aliyekuwa na miaka tisa, hakuwa na kicheko hicho. Nilimsikia kwenye ua wa michongoma akiwaambia watoto wa Mama Shiro kwamba tunashuka Ijumaa, na kwamba susu, nyanya yake, amemchinjia mbuzi. Aliyataja hata madoa ya mbuzi. Nilirudi ndani polepole nikajifanya sijasikia.

Anti alisikia pia, naamini, kwa sababu jioni iyo hiyo alisema tutaweka mti. Mti kwetu ulikuwa tawi la saiprasi tulilokatiwa na mwenzake wa kanisani huko Kabiria, likasimikwa kwenye mkebe wa rangi uliojaa udongo, mkebe ukavishwa karatasi ya zawadi, na pamba ikabandikwa matawini iwe theluji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Kisha Anti akashusha kutoka juu ya kabati taa za Kyalo. Marehemu alizinunua Krismasi yake ya mwisho, azipeleke kwa mama yake, ingawa kule stima ilikuwa haijafika na wala nguzo hazikuwa zimechimbiwa. "Zitangoja," alisema, na kabla ya safari akaziwasha hapo sebuleni, yeye na Mueni wamelala kifudifudi sakafuni wakizitazama zikibadilika rangi, na walipoondoka zikasahaulika nyuma. Hiyo ndiyo sababu nilikuja kukataa kununua nyingine. Tulipozizungusha mtini na kuzichomeka, zikawaka zote, nyekundu na kijani na samawati, na Mueni akalala kifudifudi pale pale, mahali pake pa zamani.

Furaha hiyo ilidumu mpaka siku moja kabla ya mkesha. Stima ilipotea mchana, na kila mtu wa Nairobi anajua la kufanya stima ikipotea: unakimbia kuchomoa televisheni, unachomoa redio, unachomoa friji, kwa sababu ikirudi hurudi na hasira. Tulichomoa vyote. Mti hatukuukumbuka, maana nani amezoea kuwa na mti wa kuchomoa? Ilipofika saa kumi na moja mtaa mzima ulipiga ile kelele ya "iiiih!" stima irudipo, na kwenye kona yetu kukasikika mlio mdogo, kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Taa zenyewe zilikuwa nzima. Kilichokufa ni adapta yake, kile kiboksi cheusi kinachoingia ukutani. Mueni alikishika, kikamchoma vidole, akakiachia, na hakulia. Heri angelia.

Usiku huo Mulwa alipiga simu. Anti aliongea kibarazani, lakini ile nyumba ilikuwa haifichi kitu. "Shemeji, karibu. Si lazima uulize, karibu tu," nilimsikia akisema, na baada ya kusikiliza, "Hapana, sijakataa. Nimesema kuja umuulize mwenyewe." Alipoingia alituambia bila kuzunguka: Anko Mulwa anakuja kesho jioni kumchukua Mueni akale Krismasi kule. Anasema mtoto wa Kyalo hawezi kula sikukuu kwa nyumba ya kupanga kama mtoto asiye na kwao. Na akienda atakaa mpaka shule zifunguliwe, na nikajua, kama Anti alivyojua, kwamba shule atakayoingia inaweza kuwa ya huko huko. Mueni alisikiliza akiinamia sahani yake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo, "Hapa hakuna Krismasi. Taa zimekufa, watu wameenda. Mimi nitaenda tu." Akainuka akaanza kupanga nguo kwenye begi.

Nilimtarajia Anti apige meza. Alinifuata jikoni, akafungua bomba ili maji yazibe maneno. "Sitamvuta mtoto na mkono, Ndanu," alisema. "Akienda kwa sababu anapenda susu yake, nitambebea begi mpaka stage ya magari. Lakini akienda kwa sababu hapa si kwao, huyo nimempoteza, hata akirudi Januari." Alikuwa akiosha sahani ile ile mara ya tatu. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, hata kwenye picha za mazishi, na nilimpenda pale kuliko siku nyingine yoyote. Nikamwambia kesho taa zitawaka. Sikujua nitaziwashaje, lakini sijawahi kuamini kwamba kutojua ni sababu ya kutosema.

Asubuhi ya mkesha nilikuwa Luthuli, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme, kabla hayajamaliza kufungua, taa zote zimekunjwa ndani ya kiondo na adapta iliyokufa juu yake. Wasichana wa leo huagiza vitu kwa simu wakiwa wamelala. Sisi tulivitafuta kwa miguu, duka kwa duka, tukibishana. Muuzaji wa kwanza alinitolea adapta ya kugeuzageuza, inayoingia kila kitu. "Hii inaweza kila kitu, siste. Redio, simu, keyboard ya kanisa." Nikamwambia ajaribu hapo hapo. Aliichomeka, na taa za Kyalo zikafanya wekundu kidogo kama mtu aliyeona haya, zikazima. "Hizo taa ndio mbaya," akasema. Nikamwambia taa hazina neno, adapta yake ndiyo mvivu. Duka la pili, fundi aliigeuza maiti yangu akanionyesha maandishi mgongoni: ilitoa volti ishirini na nne, na aina ya umeme ulioandikwa AC. "Zetu zote ni DC," alisema, "tena zinaishia kumi na mbili. Hii yako hata tukitafuta mpaka jioni hupati. Si ununue tu mpya? Kuna hadi zenye zinaimba." Nikamwambia sitaki za kuimba. Nilisikia habari za taa zinazoimba siku hiyo zaidi ya mara moja, na kila duka nililotoka nilisindikizwa na sauti yake nyembamba ikinipigia nyimbo za Krismasi mgongoni.

Ilipokaribia adhuhuri wauzaji walianza kuteremsha milango ya chuma, mabegi yao ya safari yakiwa tayari kando ya kaunta. Nilisimama kwenye ngazi za jengo moja nikala mahindi ya kuchoma, nikakasirika. Mimi nikikasirika akili hufunguka. Nilijiuliza ni wapi nimewahi kuona vile viboksi vyeusi vizito, si vile vyepesi vya redio, na jibu likaja na harufu ya vumbi na chaki: chuoni kwetu, chini ya meza ya mwalimu, kwenye katoni la takataka za mtandao. Siku zile kompyuta iliingia kwenye mtandao kwa waya wa simu kupitia mashine ndogo iliyolia kama paka aliyekanyagwa, na mashine hizo zilikufa kila mara, zikaacha adapta zao mayatima. Na adapta hizo niliwahi kuzikalia kama kiti. Niliacha hindi langu nusu nikakimbia River Road yote.

Mwalimu Karanja alikuwa ameshafunga. Nilimkuta kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, kufuli imeshaingia, suti yake ya kwenda Murang'a iko mwilini na kuku ndani ya boksi chini ya kwapa. "Ndanu, hata kama ni cheti, Januari," alisema kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia si cheti, nataka adapta ya zile mashine zilizokufa, na nikamweleza za nini. "Ya mti wa Krismasi? Nitaachwa na gari kwa sababu ya mti?" Nikamwambia, "Mwalimu, gari ya Murang'a itatoka ikijaa, na leo haijai mpaka wewe ufike." Akanitazama. Kisha akanipa kuku nimshikie. Tulimwaga katoni lile sakafuni na kusoma migongo ya adapta moja baada ya nyingine kwa mwanga wa dirisha, kuku akilalamika, mpaka yeye ndiye akapiga kelele. "AC! Volti ishirini!" Ilipungua kidogo kuliko tuliyotaka. "Zitawaka na adabu," akasema, akanibwagia mkononi. Nilimwombea safari njema nikiwa nimeshateremka ghorofa moja.

Mdomo wa adapta mpya haukuingia kwenye taa. Hilo niligundua Woodley, sebuleni, Mueni ameketi juu ya begi lake lililofungwa na viatu vimeshavaliwa. Nilikaa chini, adapta moja kila mkono. Anti alikuja na kisu cha kukatia mboga, akakata waya wa adapta iliyokufa, akakata wa ile nzima, akachuna ngozi ya nyaya kwa meno yake ya mbele kama mtu anayemenya muwa. "Ipi inaenda na ipi?" aliuliza. Nikamwambia kwa umeme wa aina hii haijalishi. "Vizuri," akasema, "nimechoka na mambo yenye upande." Akazisokota, akazifunga kwa plasta ya vidonda, akachomeka. Taa ziliwaka. Hazikuwaka kwa ukali wa zamani. Ziliwaka polepole, kwa upole, kama zimezeeka na kupata hekima kidogo. Anti aliuvuta mti mzima mpaka dirishani. Niliona Mueni ameinuka kutoka juu ya begi.

Mulwa alibisha hodi jioni ikianza kuingia giza, na mvua nyepesi imemwagika mabegani mwake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na ilinisumbua kuona anafanana na picha ile ya ukutani, tai imeenda upande vile vile. "Nimeuliza askari wa mtaa nyumba ni gani," alisema akifuta viatu. "Anasema ni ile pekee yenye inawaka. Kwingine kote giza." Alisema hivyo kwa kulalamika, lakini alikaa kwenye kiti kinachoutazama mti, akautazama muda mrefu. "Hizi ulinunua wapi, Mwikali?"

"Sikununua. Ni za ndugu yako. Alikuwa anataka kumletea mama."

Mulwa alitoa leso akapangusa uso, mvua na kisichokuwa mvua, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba huyu naye alizika mtu. Lakini hakuwa amekuja kulia. Alikohoa akasema, "Lakini Mueni ni wa kule, Mwikali. Hata ukiweka taa mia. Nyumba ya kaunsili si nyumbani. Mama ananiuliza kila siku. Mueni, leta begi, twende tushike gari ya mwisho. Susu anangoja."

Anti alimtazama mwanawe, akatoa mikono yake mapajani akaishikanisha, na nikaona anajizuia kwa nguvu zake zote. Nilifungua mdomo, na kwa mara moja maishani nikaufunga. Mueni alitazama begi, akazitazama taa, akamtazama baba yake mkubwa. Kisha akaenda jikoni. Tulisikia maji yakimiminwa.

Alirudi amebeba birika la maji ya moto na beseni, taulo safi begani, akapiga goti mbele ya Mulwa kama alivyomwona mama yake akifanya kwa wageni mwaka mzima. Kwetu kunawishwa mikono si jambo dogo. Mwenye nyumba ndiye humnawisha mgeni. Mgeni hajinawishi, wala hamnawishi mwenyeji. "Anko, nawa," alisema. "Mama amepika chapati na ndengu. Ni ndengu za susu, tulibaki nazo."

Mulwa aliangalia lile beseni kama lina kina. Nilidhani ataliondoa. Halafu akakunja mikono ya koti lake lililolowa, moja, na nyingine, akainyoosha mikono yake mikubwa ya mkulima juu ya beseni, na mtoto akaimiminia maji.

Alikula vizuri. Alikula chapati tatu, na alipomaliza alimwambia Anti chakula ni kitamu, na Anti akamwambia asante shemeji, na hakuna aliyetaja begi tena. Alipoinuka kwenda, Mueni ndiye aliyechukua mwavuli kumsindikiza, na mimi nikafuata nyuma kwa sababu ya giza. Mtaa wote ulikuwa mweusi isipokuwa dirisha letu. Kwenye geti Mulwa alisimama, akamwekea Mueni mkono kichwani, na nikadhani atajaribu mara ya mwisho.

"Susu nimwambie nini?" akauliza.

"Mwambie aje atuone," Mueni akasema. "Atalala kwa kitanda yangu."

Mulwa aligeuka akaitazama ile nyumba ya kaunsili, na mti, na kivuli cha Anti kikipita dirishani kikitoa vyombo.

"Nitamleta mwenyewe," akasema.